Mawasiliano yangu ya FT8 yamo kwenye programu ya kumbukumbu, lakini mengi hayathibitishwi LoTW: tatizo liko wapi?

#1 Waya_Mrefu
Wakuu, salaam. Ninaendesha kituo cha redio ya ridhaa nyumbani Arusha. Antena yangu ni dipole ya waya iliyofungwa kati ya mwarobaini na mnara wa tanki la maji, na kazi yangu kubwa ni FT8, njia ya kidijitali ya kubadilishana ujumbe mfupi hewani kupitia kompyuta. Kila mawasiliano huandikwa na WSJT-X, programu ya kuendesha FT8, kisha huhamia yenyewe kwenye Log4OM, programu yangu ya kumbukumbu, na kila baada ya majuma machache huyatia saini ya kielektroniki kwa programu ya TQSL na kuyapakia LoTW, huduma ya mtandaoni inayothibitisha mawasiliano rekodi za pande mbili zikilingana. Programu haijawahi kulalamika hata mara moja. Hata hivyo, nikifungua ukurasa wa LoTW naona yapo majuma ambayo karibu nusu ya vituo vimethibitisha, na yapo majuma ambayo hakuna hata kimoja, ingawa wengi niliozungumza nao ni wa Japani na Italia, watu ambao hupakia kumbukumbu zao bila kukawia. Inakuwaje kumbukumbu zionekane safi kwenye kompyuta yangu na zisilingane na za mtu yeyote?

#2 FundiMajira
Karibu, mkuu. Anza na saa. LoTW huchukua rekodi yako na ya mwenzako na kulinganisha alama za mwito (utambulisho wa kila kituo hewani), bendi, modi (aina ya mawasiliano) na muda wa kuanza, na muda huo haupaswi kupishana kwa zaidi ya dakika 30. Daftari la redio huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele yake. Mtu akiiwekea kompyuta saa ya hapa nyumbani lakini akaacha ukanda wa majira ubaki UTC, kila rekodi itaingia ikiwa imetangulia kwa saa tatu, na hapo asitarajie kulingana na yeyote.

#3 Kaskazini_86
Kwa heshima zote kwa FundiMajira, hoja hiyo haisimami. FT8 hufanya kazi kwa vipindi vya sekunde 15, na kompyuta ikipotoka kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, haisomi wala haisomwi. Mwenye uzi anawasiliana na Japani kwa waya uliofungwa kwenye mwarobaini, kwa hiyo saa yake ni sahihi kuliko za wengi wetu. Mimi naona jambo ni jepesi zaidi. Si kila anayeonekana hewani ana akaunti ya LoTW, na katika walio nayo wapo wanaopakia mara moja kwa mwaka. Kiwango cha nusu ni cha kawaida kabisa, na juma lisilo na kitu huenda lilikuwa na wavivu wengi.

#4 Binti_Mita40
Kaka Kaskazini, kuhusu sekunde umesema kweli, ila hitimisho lako silo. FT8 haijali sasa ni saa ngapi. Inachojali ni sekunde ya kuanza kipindi: 00, 15, 30 au 45. Saa tatu kamili hugawanyika kwa sekunde 15 bila kubakiza kitu, kwa hiyo kompyuta inaweza kuchelewa kwa saa tatu, au hata kwa siku nzima, na bado ikasoma Japani vizuri kabisa mradi sekunde ziko mahali pake. Kufanya kazi kwa FT8 ni ushahidi wa sekunde peke yake.

Ninamwuliza mwenye uzi: je, kompyuta hiyo ina mfumo endeshi mmoja au miwili? Kwa kawaida Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, lakini Windows huiamini saa hiyohiyo kuwa ni ya hapa nyumbani. Ukitoka Linux ukaingia Windows bila intaneti, Windows hukuta saa 6:00, hudhani ni 6:00 ya Arusha, kisha hupunguza tatu ili kupata UTC na kuandika 0300. Sekunde hazikuguswa, lakini logi yako imerudi nyuma kwa saa tatu. Ukipata bando, Windows hujirekebisha kimyakimya kupitia mtandao, na ndiyo maana ninaona kosa hili linaweza kukaa juma moja na lisiwepo juma linalofuata.

#5 Waya_Mrefu
Shukrani, dada. Mifumo ni miwili kweli: Windows ni kwa ajili ya redio na hesabu za duka, na Linux iliwekwa na mpwa wangu anayesomea kompyuta. Intaneti ni ya simu, ninayoiwasha kwa haja, na wakati wa kuendesha redio mara nyingi huwa imezimwa. Lakini sikumbuki mpwa alikuja majuma yapi.

#6 FundiMajira
Kumbe hata shetani wa saa ana jina, anaitwa Mpwa. Tiba ipo: ama umwambie Linux itumie saa ya hapa nyumbani kwa amri ya `timedatectl set-local-rtc 1`, ama uifundishe Windows kupitia rejista yake kwamba saa ya ndani ni UTC, kipengele kikiwa ni RealTimeIsUniversal. Chagua moja tu. Ukifanya zote mbili, mifumo itabadilishana nafasi na kosa litabaki.

#7 MzeeWaMosi
Wanangu, mimi ni mtu wa mosi, yaani ishara za Morse, na sipendi kompyuta inayozungumza na kompyuta nyingine wakati mwenye leseni anakunywa chai. Lakini kuhusu saa nina la kusema. Kwa muda sasa ninanakili kwenye kompyuta madaftari ya rafiki yangu marehemu, aliyekuwa akifanya kazi hewani kutoka Moshi, na safu yake ya muda aliiandika kwa saa zetu za Kiswahili. Mahali palipoandikwa «3.10 asb.» kijana asiyejua atachapa 0310, ilhali ni 0610 UTC. Nimejiwekea kanuni kwamba saa ya Kiswahili huongezwa tatu na saa ya simu hupunguzwa tatu. Hatari kubwa ni ya usiku wa manane. Saa nane usiku wa kuamkia tarehe 17 ni 2300 UTC ya tarehe 16, kwa hiyo anayebadilisha saa na kusahau tarehe anakuwa amehamisha kosa kutoka safu moja kwenda nyingine.

Je, mwenye uzi huwa anaandika mengine kwa mkono?

#8 Nairobi88
Mzee, shikamoo. Tazameni hapa. Kosa la #2 huipeleka logi mbele kwa saa tatu, lakini la Binti na la Mzee yote mawili huirudisha nyuma kwa saa tatu. Hata tukipata rekodi iliyochelewa kwa saa tatu kamili, hatutajua kama ni Linux au ni mkono uliochapa saa za Kiswahili. Ni lazima tujue rekodi iliingiaje.

Nawakumbusha pia ndugu zetu wa Tanzania kwamba kwenye orodha ya Windows ukanda wenu unaitwa «(UTC+03:00) Nairobi». Msione haya kuuchagua.

#9 Kaskazini_86
Linux inayo Africa/Dar_es_Salaam kwenye orodha yake, asante.

#10 Nairobi88
Nimelipokea hilo. Turudi kwenye uzi. Hakuna aliyetaja bendi. Redio ikiunganishwa na kompyuta kwa kebo, programu husoma masafa yenyewe. Kebo ikichomoka, au kiendeshi chake kikigoma baada ya Windows kujisasisha, zipo programu zinazoendelea kuandika bendi ya mwisho ziliyoijua. Nimekwisha kuona logi ya mtu mmoja hapa Nairobi ambaye kwa mujibu wa kompyuta alikaa bendi ya mita 20 msimu mzima, ilhali jirani zake wote tulikuwa tukimsikia mita 10. Bendi isipolingana, LoTW haithibitishi, hata dakika zikiwa zilezile.

#11 Waya_Mrefu
Mzee, shikamoo. Kwa mkono huandika mawasiliano ya sauti tu, nayo ni machache. FT8 yote hujiandika. Nairobi88, redio yangu ni ya zamani na haina kebo ya kuidhibiti, inayo ya kupitisha sauti tu. Bendi huichagua mwenyewe kwenye WSJT-X kila ninapozungusha kitasa cha redio.

#12 Nairobi88
Basi una dereva wawili kwenye gari moja. Siku moja ukizungusha redio kwenda mita 15 na orodha ya WSJT-X ikabaki mita 20, mazungumzo yatakwenda vizuri na kumbukumbu itakuwa ya bendi nyingine. Wala PSK Reporter, tovuti ya ramani ya nani kamsikia nani, haitakuonya ukitazama ramani ya uliowasikia wewe, kwa sababu hiyo hutumia masafa ambayo kompyuta yako imedai. Tazama ramani ya waliokusikia wewe: wao huripoti masafa ya redio zao. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa kuwa ramani huonyesha saa 24 za mwisho.

#13 Kaskazini_86
Kuna jambo la tatu. Je, mkuu, ulisafiri? Ukiwa Arusha mraba wako, yaani msimbo wa mahali ulipo kwenye ramani ya redio ya ridhaa, ni KI86, na ukishuka Dar es Salaam au Unguja ni KI93. Kama kwenye TQSL uliacha kituo cha KI86 na kutia saini mawasiliano ya Unguja, hapo ndipo yalipopotelea.

#14 Binti_Mita40
Samahani, kaka, hapana. Mraba usio sahihi ni dosari ya kurekebishwa, na utamkera anayekusanya miraba, lakini hauzuii uthibitisho. Kinachozuia ni alama ya mwito. LoTW hutoa cheti kwa kila alama kama ilivyotamkwa hewani, kwa hiyo aliyeongeza /P (kituo cha kubebeka), au aliyetumia alama inayoanza na 5H1 badala ya 5H3 kwa ruhusa aliyopewa, anahesabiwa kuwa kituo kingine kinachohitaji cheti chake. Mwenzako wa Japani ameandika alama yenye mkwaju, wewe umetia saini kwa isiyo nao, na mashine haiwezi kukisia kwamba ni mtu mmoja.

#15 Waya_Mrefu
Nilisafiri kwenda Unguja wakati wa likizo, nikiwa na redio, na alama yangu haikubadilika wala sikuongeza kitu. Lakini majuma yenye upungufu ni mengi kuliko likizo hiyo.

#16 Daftari_la_Karatasi
Mnazunguka bure. Huduma yenyewe ilidukuliwa mwaka 2024 na kuzimwa tangu katikati ya Mei hadi tarehe 1 Julai. Rekodi za watu zilipotelea huko. Ningekuwa na kadi za QSL, zile za karatasi za kuthibitisha mawasiliano, kwenye boksi la viatu, hakuna mdukuzi ambaye angezifikia.

#17 FundiMajira
Ni kweli kwamba ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani chenye LoTW, ilishambuliwa na LoTW ikawa haipatikani katika kipindi hicho, lakini kuzimwa kwa huduma hakufuti logi iliyo nyumbani. Watu walisubiri, na ilipofunguliwa wakapakia kwa pamoja hadi foleni ikawa ndefu. Mwenye uzi atuambie kama majuma yake ni ya mwaka huo. Na mchwa, mkuu, hahitaji nenosiri ili kuingia kwenye boksi la viatu.

#18 Waya_Mrefu
Yote ni ya baadaye.

#19 Binti_Mita40
Kuna neno kwenye #1 ambalo tumelipita haraka mno, kwamba «programu haijawahi kulalamika». TQSL ukiifungua mwenyewe na kuipa faili, ikikutana na rekodi iliyo nje ya tarehe za cheti, au iliyokwisha kupakiwa, itasimama na kukuuliza. Lakini ikiitwa na programu nyingine kwa nyuma, yaweza kuwa imeagizwa itie saini zinazokubalika na kuziruka zilizobaki bila kusema neno. Kwa hiyo ukimya wa programu si ushahidi. Mkuu, ingia LoTW na utafute rekodi za juma moja bovu. Zikiwepo bila uthibitisho, tatizo ni kulingana. Zisipokuwepo, hazikufika.

Ukitaka kujisomea mwenyewe, kwenye WSJT-X fungua folda ya logi na utazame faili liitwalo wsjtx_log.adi kwa programu yoyote ya maandishi. Kila rekodi ina sura kama hii, na alama niliyoiweka ni ya kituo cha makao makuu ya ARRL, kwa mfano tu:

`<CALL:4>W1AW <MODE:3>FT8 <QSO_DATE:8>20250316 <TIME_ON:6>061215 <BAND:3>20m <EOR>`

Namba iliyo baada ya nukta mbili ni idadi ya herufi zinazofuata. Usibadilishe kitu kwa mkono bila kuihesabu upya: ukiandika 160m na kuacha 3, programu itasoma «160» na kuitupa «m».

#20 MzeeWaMosi
Hii ADIF, muundo wa faili hilo la .adi, nimeipenda. Ni daftari la mistari, ila mistari yake imelala. Wameiendeleza tangu mwaka 1996, na madaftari ya marehemu nimeyahamisha mara mbili kutoka programu moja kwenda nyingine bila kupoteza hata maoni yake kuhusu hali ya hewa ya Kilimanjaro.

#21 Maskati_LL93
Assalamu alaykum. Nimekuwa msomaji tu hadi sasa. Nipo Muscat, na baada ya mwenye uzi kunitumia alama yake kwa ujumbe wa faragha, nimemkuta kwenye logi yangu mara kadhaa. Ninatumia programu za kumbukumbu, N1MM kwa mashindano na DXKeeper kwa siku nyingine, redio yangu imeunganishwa kwa kebo, na saa yangu huchukuliwa kutoka kipokezi cha GPS. Nina mawasiliano ya FT8 naye saa 1614 UTC, mita 15. Naye ameniambia kuwa kwake siku hiyohiyo yameandikwa saa 1314, mita 20.

#22 Nairobi88
Bendi!

#23 FundiMajira
Saa!

#24 Binti_Mita40
Zote mbili, kwenye rekodi moja. Logi imechelewa kwa saa tatu kamili, na kwa kuwa FT8 yake hujiandika yenyewe, saa za Kiswahili za Mzee tunaweza kuziweka pembeni kwa rekodi hii. Hiyo ni sura ya Linux na Windows. Lakini hata angerekebisha muda, bendi ingemkwamisha.

#25 Kaskazini_86
Rekodi moja haiwezi kuhukumu majuma yote. Yawezekana kaka wa Muscat ndiye pekee aliyempata siku ya bahati mbaya mbili. Bado naamini kwamba sehemu kubwa ni watu wasiopakia, na njia ya kulijua hilo ni kutazama tarehe ya mwisho ya kupakia ya kila kituo, ambayo LoTW inaionyesha kwa yeyote anayeingia na kutafuta alama ya mwito.

#26 Waya_Mrefu
Nimefanya kama Binti alivyoelekeza, kwa majuma mawili. Juma la kwanza, lile la mawasiliano ya Muscat, rekodi zote zimefika LoTW na hakuna iliyothibitishwa. Juma la pili, nusu zimefika na nusu hazipo kabisa, na zilizofika zina muda ambao ninauamini, kwa kuwa siku hizo nilikuwa na bando. Nimetazama vituo vitano vya Japani vya juma hilo la pili kama Kaskazini alivyoshauri: vitatu vimepakia mwezi huu, viwili vina zaidi ya mwaka.

Sasa ninauliza: je, nirekebishe tu saa na bendi kwenye Log4OM na kupakia upya?

#27 MzeeWaMosi
Taratibu. Daftari ni ushuhuda wa kilichotokea, si mtihani wa kusahihisha hadi upate alama zote. Kosa la saa ya mashine lirekebishwe, kwa sababu mashine ndiyo iliyokosea na unajua ilikosea kwa kiasi gani. Lakini bendi usiibadilishe kwa kuwa tu mtu wa upande wa pili ana bendi nyingine. Kwa mwendo huo utathibitisha chochote na yeyote. Rekebisha ile ambayo una sababu yako mwenyewe ya kuiamini, na kwenye sehemu ya maoni uandike iliyokuwapo kabla.

#28 Nairobi88
Mzee, nakubaliana nawe nusu. Wa Muscat ana kebo na GPS, na mwenye uzi ana kitasa na orodha. Kama shahidi mmoja ni chombo na mwingine ni kumbukumbu ya kidole, sioni kosa kumfuata shahidi mwenye chombo.

#29 Maskati_LL93
Nami pia naweza kukosea, ndugu yangu, ila redio yangu haina sababu ya kunidanganya kuhusu mita 15.

#30 Binti_Mita40
Kabla ya kugusa chochote, toa nakala nzima ya ADIF na uiweke kwenye flashi na kwenye barua pepe. Logi ya mawasiliano elfu kumi haizidi sana picha moja ya simu, kwa hiyo hakuna udhuru. Kisha usogeze muda wa juma la kwanza pekee. Rekodi za kuanzia 2100 zitavuka usiku wa manane, hivyo hakikisha tarehe nazo zinasonga. Ukipakia upya, rekodi za zamani hazitafutika, kwa kuwa LoTW haimruhusu mtumiaji kufuta. Zitabaki pale bila kumdhuru mtu. Rekodi za juma la pili ambazo hazikufika zinahitaji njia nyingine: fungua TQSL yenyewe, ipe faili hilo moja kwa moja, na usome inachokuuliza.

#31 Daftari_la_Karatasi
Na kama TQSL ikisema rekodi hizo zilikwisha kupakiwa, ilhali LoTW inasema hazipo?

#32 Kaskazini_86
Hapo ndipo nitakapoanza kuamini hadithi ya mchwa.

#33 Waya_Mrefu
Daftari_la_Karatasi, ndivyo ilivyosema. Nimeijaribu sasa hivi, na rekodi zote zisizoonekana LoTW inaziita za marudio. Mpwa anakuja Jumamosi. Hadi hapo, kama kuna anayejua TQSL huweka wapi orodha ya ilizokwisha kutia saini, naomba anielekeze.

#34 FundiMajira
Huiweka kwenye kompyuta yako, si kwenye seva, na huandika ikishatia saini. Kama bando lilikatika katikati ya kutuma, inawezekana orodha ilijazwa na faili halikufika. Hilo ni wazo tu. Chagua kuruhusu marudio pale inapokuuliza, utume tena, kisha utuletee jibu hapa.

#35 Binti_Mita40
Au lilifika, likatiwa saini kwa cheti cha alama nyingine. Mkuu, kwenye TQSL una vyeti vingapi?